Grogan: Mlowezi aliyeachia Nairobi jina lisilofutika

UKIMWULIZA fundi wa magari jijini Nairobi mahali pa kununua taa ya nyuma au bampa ya gari kuukuu, yaelekea atakuelekeza 'Grogan'.

Kibao kinasema Barabara ya Kirinyaga. Jina hilo lilichukua nafasi ya Grogan Road, lakini wenye gereji na wauzaji wa vipuri hawakuliacha la zamani. Si wengi wanaojiuliza lilikuwa la nani.

Lilikuwa la Ewart Scott Grogan, Mwingereza aliyezaliwa London mwaka wa 1874 katika familia ya watoto 21. Alikuwa mwanajeshi, mlowezi, mfanyabiashara na mwanasiasa. Aliacha hospitali ya watoto inayoheshimika hadi leo, lakini pia aliacha kumbukumbu chungu ya viboko.

Safari yake barani Afrika ilianzia vitani. Baada ya kufukuzwa Chuo Kikuu cha Cambridge, alikwenda kusini mwa Afrika na mnamo 1896 akapigana upande wa Waingereza dhidi ya Wandebele, katika nchi inayoitwa Zimbabwe siku hizi.

Alipotoka huko alielekea New Zealand, ambako alimpenda msichana aliyeitwa Gertrude Watt. Baba wa kambo wa msichana huyo hakuvutiwa na kijana asiye na kazi wala mali. Ili kuthibitisha kwamba ni mwanamume wa maana, Grogan aliahidi kuvuka Afrika kutoka kusini hadi kaskazini, jambo ambalo hakuna Mzungu aliyekuwa amelifanya.

Alianza safari mwaka wa 1898, akapitia Ziwa Nyasa, Ziwa Tanganyika na Kivu, kisha akafuata Mto Nile hadi Cairo, alikofika mwaka wa 1900. Mwaka huo huo alifunga ndoa na Gertrude.

Vitabu vingi husema Grogan alitembea kutoka Cape hadi Cairo. Husahau kutaja kwamba mahema, chakula na risasi zake vilibebwa vichwani na wapagazi Waafrika. Bila wao, huenda posa hiyo ingeishia njiani.

Mwaka wa 1904 Grogan aliwasili Kenya, wakati serikali ya kikoloni ilipokuwa ikiwavutia Wazungu waje kuchukua mashamba. Alipata haki ya kukata miti katika eneo kubwa la msitu karibu na Eldama Ravine. Jijini Nairobi alijenga nyumba Chiromo, mahali ambapo leo pana bewa la Chuo Kikuu cha Nairobi. Kandokando ya Mto Nairobi alimiliki kinamasi ambacho baadaye kilijengwa, na barabara ya hapo ikapewa jina lake.

Miaka mitatu tu baada ya kufika, alifanya kitendo kilichozua mjadala hadi Uingereza. Mnamo Machi 1907, akiwa kiongozi wa chama cha walowezi, aliwachapa viboko hadharani Wakikuyu watatu mbele ya mahakama ya Nairobi. Alidai kwamba walikuwa wamewakosea heshima wanawake wa Kizungu.

Hakungoja mashtaka wala hakimu. Kundi la walowezi lilikuwa papo hapo likitazama. Grogan alihukumiwa kifungo cha mwezi mmoja, adhabu ambayo haikuzuia nyota yake kung'aa katika siasa za walowezi kwa miaka mingi iliyofuata.

Vita Vikuu vya Kwanza vilipozuka mwaka wa 1914, alirudi jeshini. Alitumwa kama afisa wa ujasusi na kiungo kati ya Waingereza na Wabelgiji waliokuwa wakipigana na Wajerumani kutokea Kongo. Nchi ya Kivu aliifahamu tangu ile safari ya posa.

Vita hivyo viliwakumba Waafrika kuliko mtu yeyote. Maelfu kwa maelfu ya vijana walichukuliwa kubeba mizigo ya jeshi la Uingereza. Wapagazi zaidi ya 40,000 walikufa, wengi kwa maradhi, njaa na uchovu wala si kwa risasi. Kikosi chao, Carrier Corps, ndicho kilichozaa jina la mtaa wa Kariokor, ambao hauko mbali na Grogan.

Amani iliporudi, malipo hayakuwa sawa. Mnamo 1919 serikali ilianzisha mpango wa kuwapa ardhi wanajeshi Wazungu. Zaidi ya mashamba 1,000 yaligawanywa, mengine yakimegwa kutoka nchi ya Wanandi. Mwafrika aliyerudi kutoka vita hivyo hivyo hakupewa shamba. Alichopata ni kipande, kile cheti cha kazi alicholazimika kukivaa shingoni.

Mwaka wa 1928 Grogan alijenga Torr's Hotel katika barabara iitwayo Kenyatta Avenue leo. Mwaka huo huo, katika barabara hiyo hiyo, ilizinduliwa sanamu ya askari na wapagazi Waafrika. Grogan alikuwa na hoteli ya kifahari. Wapagazi walipewa sanamu.

Baadaye alihamia Taveta, mahali ambapo Waingereza na Wajerumani walipigana vikali mwaka wa 1916. Alilima mkonge katika mashamba makubwa na kujenga juu ya kilima jumba ambalo watu huliita Ngome ya Grogan. Suala la wakazi wa Taveta wasio na ardhi katikati ya mashamba makubwa limesumbua siasa za eneo hilo tangu uhuru.

Gertrude alifariki mwaka wa 1943. Ili kumkumbuka, mumewe alitoa ardhi Muthaiga kwa ajili ya hospitali ya watoto, iliyofunguliwa mwaka wa 1947. Ndiyo Gertrude's, ambako wazazi wa Kenya wa kila kabila na rangi huwapeleka watoto wao siku hizi.

Grogan mwenyewe alikufa mwaka wa 1967 nchini Afrika Kusini, akiwa amepita umri wa miaka 90 na Kenya ikiwa na miaka minne tangu ijitawale.

Waswahili husema hisani haiozi. Mtoto anayetibiwa Muthaiga ni ushahidi wa hilo. Lakini dhuluma nayo haiozi. Wale watatu waliochapwa mbele ya mahakama hawana barabara ya Nairobi iliyopewa majina yao.