Je, Wajua? Mstari mwekundu wa kipimo cha malaria ni dhahabu

Ukipimwa malaria kwa kipimo cha haraka katika zahanati ya Mutanga Sud, Bujumbura, ule mstari mwekundu unaojitokeza dakika chache baada ya tone la damu kwa kawaida ni dhahabu. Ndiyo, dhahabu ile ile ya sonara, ila iko katika chembe za nanomita 20 hadi 40 hivi, na ikiwa ndogo kiasi hicho huonekana nyekundu. Nanomita ni sehemu moja ya milioni ya milimita.

Kuzipima ndiyo kazi. Hadubini ya elektroni huzipiga picha zikiwa kavu, nayo huona dhahabu tupu. Leza huzipima zikiwa majini: chembe ndogo huhangaika upesi, kubwa polepole, na mwanga unaotawanyika hufichua kasi hiyo. Hapo kingamwili za kipimo zilizoganda juu ya chembe nazo huhesabiwa, kwa hiyo kipenyo huongezeka. Leza ina udhaifu mbaya: chembe yenye kipenyo kikubwa mara 10 hutawanya mwanga mara milioni 1 hivi, basi vumbi kidogo tu huvuruga majibu. Njia ya leza ni rahisi na ya haraka, lakini pakiwa na ubishi mimi ningeamini picha.

NIST, taasisi ya vipimo ya Marekani, ilitengeneza dhahabu ya kulinganishia mashine, ikaiita ya nanomita 30. Ripoti yake inatoa kipenyo tofauti kwa karibu kila njia, kuanzia takriban 25 hadi takriban 29.