Cheche iuamshayo moyo

  

Wengi wetu tunaijua Hadithi aliyoipokea Nuuman bin Bashir (R.A.), iliyomo katika vitabu vya Maimamu Bukhari na Muslim, ambayo ndani yake moyo umetajwa kuwa ni pande la nyama ambalo mwili mzima huifuata hali yake. Wanachuoni wameisherehesha Hadithi hiyo kwa upande wa nia, ikhlasi na mwenendo, na huko ndiko iliko maana yake kuu. Makala hii inakusudia kulitazama pande la nyama lenyewe, kama wanavyolitazama matabibu, kwa sababu yapo maradhi ya moyo ambayo majumbani mwetu bado hupewa majina yasiyo yake, na mgonjwa akacheleweshwa mpaka ikawa vigumu kumwokoa.

Moyo wa mtu mzima hukaribia ukubwa wa ngumi yake. Umekaa kifuani baina ya mapafu mawili, ncha yake ikielekea kushoto. Ndani mna vyumba vinne, viwili juu na viwili chini, na ukuta mnene unatenganisha upande wa kulia na wa kushoto. Upande wa kulia hupokea damu iliyokwisha kutumika mwilini na kuisukuma mapafuni ikapate hewa safi. Upande wa kushoto huipokea inaporudi kutoka mapafuni na kuipeleka mwili mzima. Kwa mtu aliyetulia, kazi hiyo ni takriban lita 5 kwa kila dakika, na mapigo hufika 100,000 hivi kwa siku moja.

Leo mwanafunzi huyasoma hayo katika ukurasa mmoja, lakini kwa zaidi ya miaka elfu moja matabibu waliishika kauli ya Galen, tabibu wa Kiyunani, kwamba damu hupenya kutoka kulia kwenda kushoto kupitia vitundu visivyoonekana vilivyomo katika ule ukuta. Hata Ibn Sina, pamoja na upana wa elimu yake, hakuiacha kauli hiyo. Aliyeikataa waziwazi ni Ibn al-Nafis, mzaliwa wa Damascus aliyeishi na kutibu mjini Cairo. Mwaka 1242, akiwa bado kijana wa miaka ishirini na kitu, aliandika sharhe juu ya sehemu ya maungo katika kitabu cha Ibn Sina, na humo akaeleza kuwa ukuta huo hauna tundu lolote, na kwamba damu haina njia ya kufika kushoto isipokuwa kwa kupitia mapafuni. William Harvey wa Uingereza, ambaye vitabu vyetu vya shule humtaja peke yake, alichapisha kitabu chake juu ya mzunguko wa damu mwaka 1628.

Ibn al-Nafis alikuwa pia mwanafikihi wa madhehebu ya Imamu Shafi, madhehebu yanayofuatwa na Waislamu wengi wa mwambao wetu, na alisomesha fikihi katika madrasa ya Masruriyya mjini Cairo. Walioandika sira yake wanasimulia kuwa katika maradhi yake ya mwisho alishauriwa atumie mvinyo kuwa dawa, naye akakataa. Alifariki mwaka 1288, akiwa ameiwekea wakfu hospitali ya Mansuri nyumba yake na vitabu vyake. Maandishi yake juu ya mapafu na moyo yakasahauliwa, hata mwaka 1924 daktari wa Kimisri, Muhyi al-Din al-Tatawi, alipoyakuta katika maktaba moja mjini Berlin. Kwamba kazi ya mwanachuoni wetu ilingoja zaidi ya miaka mia sita, tena ikapatikana Ulaya, ni jambo la kututia haya kuliko la kujifaharishia.

Basi njia ya damu ikajulikana. Lakini ni nini kinachouambia moyo upige?

Yeyote aliyesimama karibu na mchinjaji siku ya Idd el-Hajj huenda amewahi kuona moyo wa mnyama ukiendelea kutikisika kwa muda mfupi baada ya kutolewa kifuani, ilhali kichwa kimekwisha kutengwa. Watoto huogopa, na pengine huambiwa kuwa roho haijatoka. Ukweli ni kwamba moyo haungoji amri ya ubongo. Katika tumbo la mama, moyo wa kijusi huanza kupiga takriban siku 22 baada ya mimba kutunga, kabla ubongo haujawa na uwezo wa kuamrisha chochote. Na tangu Christiaan Barnard alipompandikiza mtu moyo wa mtu mwingine mjini Cape Town mwaka 1967, imeshuhudiwa mara nyingi kuwa moyo uliokatwa mishipa yake yote ya fahamu huanza tena kupiga katika kifua kigeni.

Siri iko katika kituo kidogo kilichomo kwenye ukuta wa chumba cha juu cha kulia, karibu na pale unapoingia mshipa mkubwa uletao damu kutoka kichwani na mikononi. Chembe hai za kituo hicho haziwezi kutulia. Chumvichumvi zilizomo katika maji ya mwili, yaani sodiamu, potasiamu na kalsiamu, huingia na kutoka kupitia ngozi nyembamba ya chembe hizo, na kila zinapoingia na kutoka, umeme hujikusanya kidogo kidogo. Ukifika kiwango chake, cheche hutoka, na kazi ya kujikusanya ikaanza upya. Umeme wenyewe ni haba mno: haufikii hata sehemu moja ya kumi ya volti, ambapo betri moja ya tochi ina volti moja na nusu. Ubongo na homoni huweza kuuharakisha mwendo huo wakati wa hofu au mbio, na kuupunguza wakati wa usingizi, ila mwanzo wa pigo hautoki huko.

Cheche hiyo huenea kwanza katika vyumba vya juu, navyo hujikamua na kumimina damu vyumba vya chini. Kisha hufika katika kituo cha pili kilichopo mpakani mwa vyumba vya juu na vya chini, na hapo hutokea jambo ambalo mwandishi wa makala hii huliona kuwa la ajabu kuliko yote. Umeme huo uliokuwa ukienda mbio hucheleweshwa kwa kadiri ya sehemu moja ya kumi ya sekunde. Lau usingecheleweshwa, vyumba vya juu na vya chini vingejikamua pamoja, na vya chini vingesukuma kabla havijajaa. Baada ya ngojeo hilo, cheche huteremka kwa kasi kupitia nyuzi maalumu hadi nchani mwa moyo, kisha ikapanda, ili damu ikamuliwe kutoka chini kuelekea kwenye mishipa mikubwa iliyo juu.

Kituo cha mpakani kilielezwa na Mjapani Sunao Tawara mwaka 1906, alipokuwa akitafiti Ujerumani. Kile cha kwanza kilitangazwa mwaka 1907 na Waingereza Arthur Keith na Martin Flack. Flack alikuwa bado mwanafunzi wa udaktari, na alikigundua katika moyo wa fuko, yule mnyama mdogo achimbaye ardhini. Wakati huo Willem Einthoven, Mholanzi aliyezaliwa Semarang katika kisiwa cha Java, alikuwa amekwisha kuunda mashine ya kuuchora umeme wa moyo kutoka juu ya ngozi. Ilikuwa na uzito wa kilo 270 hivi, na mgonjwa alitumbukiza mikono na mguu katika ndoo za maji ya chumvi. Hicho ndicho kipimo kinachoitwa ECG, ambacho leo hubebwa mkononi, huchukua dakika chache na hakimuumizi mgonjwa.

Hapa pana tahadhari. Wapo wahadhiri wanaosema kuwa sayansi imethibitisha ya kwamba moyo huu wa kifuani ndio unaofikiri. Sivyo. Qur'ani inapoutaja moyo unaozingatia, au unaopofuka, wanachuoni wameeleza maana yake bila ya kuhitaji ushahidi wa mashine. Kuutia nguvu ukweli kwa hoja dhaifu ni kuudhoofisha.

Sasa tuje majumbani. Mzee anainuka kutoka kwenye sijida, macho yanamwia giza, anaanguka, na baada ya muda anazinduka kama hakuna lililotokea. Wiki ya pili yakatokea tena. Mmoja husema ni kifafa, mwingine husema ni jini. Huenda ni shinikizo la damu lililoshuka tu, lakini huenda pia njia ya umeme imekatika mpakani, na vyumba vya chini vimebaki vikijipigia vyenyewe mara 30 au 40 kwa dakika, kiasi kisichotosha kuulisha ubongo. Msichana naye hulalamika kuwa moyo unakwenda mbio bila ya mpango, na pumzi zinambana akipanda ngazi. Pengine vyumba vya juu vinatetemeka badala ya kupiga. Damu ikituama humo huganda, na bonge likienda ubongoni huleta kiharusi. Kwa vijana wa nchi zetu, mara nyingi chanzo cha hayo ni vilango vya moyo vilivyoharibiwa na homa iliyofuata maradhi ya koo ya utotoni yasiyotibiwa, maradhi ambayo dawa yake ni penisilini.

Kumsomea mgonjwa Qur'ani na kumuombea dua ni Sunna, na hakuna anayemkataza mtu. Lakini Mtume (S.A.W.) pia aliamrisha watu wajitibu, na haya mawili hayajapata kugombana ila katika vichwa vyetu. Mgonjwa na asomewe, na asubuhi yake apelekwe kupimwa ECG.

Ambaye njia ya umeme imemkatikia, hupachikwa chini ya ngozi ya kifua kifaa kidogo ambacho watu wamezoea kukiita betri ya moyo. Mtu wa kwanza kupachikwa kifaa hicho mwilini ni Msweden Arne Larsson, mwaka 1958. Cha kwanza kilifanya kazi saa chache tu, na maishani mwake alibadilishiwa zaidi ya mara ishirini, lakini aliishi hadi mwaka 2001, akafariki akiwa na miaka 86, tena si kwa moyo. Hapa kwetu, Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, iliyoanzishwa mwaka 2015 pale Muhimbili, Dar es Salaam, hufanya kazi hiyo.

Familia huuliza maswali. Udhu na josho havina tatizo, kwani kidonda kikishapona kifaa kiko ndani na maji hufika juu ya ngozi kama kawaida. Anayekwenda Hijja achukue kadi ya kifaa chake aioneshe kwa wakaguzi wa uwanja wa ndege, na simu asiiweke katika mfuko wa shati ulio juu ya kifaa. Swali gumu ni lile linaloulizwa kwa sauti ya chini: je, betri haitamzuia mzee asikate roho, akabaki katika sakaratul-mauti? Haitamzuia. Kifaa hutoa cheche tu, na nyama ya moyo iliyokufa haiitikii cheche. Wala hakuna haja ya kumpasua maiti ili kukitoa. Wanaochoma maiti zao hulazimika kukiondoa kwa kuwa hulipuka motoni. Sisi tunazika, na mwoshaji ataendelea na kazi yake kama kwa maiti mwingine yeyote.

Wallahu aalam.