Dozi ya siku saba iliyodumu miezi minane

Shangazi yangu huweka dawa zake kwenye kopo la maziwa ya unga, juu ya kabati la vyombo. Mwaka jana nilipokwenda kumjulia hali alinishushia kopo hilo nimsomee tarehe za kuisha muda, maana maandishi ni madogo na miwani yake imevunjika mkono. Mlikuwa na vidonge vya presha vya aina mbili, na bahasha ndogo ya karatasi iliyolegea mikunjo, imeandikwa kwa kalamu: Diklofenaki 50 mg, 1x3, siku 7.

“Hiyo ndiyo inayonisimamisha asubuhi, mwanangu,” alisema huku akilisugua goti la kulia.

Bahasha ilikuwa na umri wa miezi minane. Kila vidonge vilipokwisha aliipeleka duka la dawa, akajaziwa, akarudi nyumbani.

Simlaumu. Goti ambalo gegedu lake limesagika humnyima mtu usingizi, humnyima hata kupiga magoti kusali, na dawa hii kweli inatuliza. Lakini daktari aliandika siku saba kwa sababu.

Kiungo kinapovimba, vimeng'enya viitwavyo COX hutengeneza kemikali za prostaglandini, na hizo ndizo zinazoleta joto, uvimbe na maumivu. Mwaka 1971 mtafiti wa Uingereza, John Vane, alionyesha kwamba aspirini huzuia utengenezaji huo. Kazi hiyo ilimpatia Tuzo ya Nobel mwaka 1982, pamoja na Sune Bergström na Bengt Samuelsson wa Sweden. Diklofenaki, ibuprofeni, naprokseni, meloksikamu na indometasini zote zinafuata njia hiyo.

Tatizo ni kwamba prostaglandini zina kazi nyingine mwilini. Tumboni ndizo zinazohimiza ute unaoukinga ukuta wa tumbo dhidi ya asidi yake yenyewe. Kwenye figo huiacha wazi mishipa inayoingiza damu. Ukimeza kidonge kwa ajili ya goti, tumbo na figo navyo vimemeza.

Wengi tunaambiwa, “Kula kwanza, ndipo unywe dawa.” Ni ushauri mzuri, hupunguza kichefuchefu na kiungulia. Lakini chakula hakizuii kidonda, kwa sababu dawa ikishaingia kwenye damu hurudi tumboni kwa mlango wa nyuma. Ndiyo maana hata anayechomwa sindano ya diklofenaki, akidhani ameliepusha tumbo, hajaliepusha. Na kwa kuwa dawa yenyewe inaua maumivu, kidonda kinaweza kuvuja damu kimya kimya. Choo kikiwa cheusi na cha kunata kama lami, au mtu akitapika damu au kitu kinachofanana na mashapo ya kahawa, apelekwe hospitali saa hiyo hiyo. Aliye na zaidi ya miaka 65, aliyewahi kuugua vidonda vya tumbo, au anayetumia warfarini au prednisoloni, yuko karibu zaidi na hatari hiyo. Akilazimika kuitumia, daktari huweza kumwongezea omeprazoli ya kulinda tumbo.

Kilichonishtua zaidi ndani ya lile kopo ni vidonge vya presha. Kimoja kilikuwa enalaprili, kingine kidonge cha kukojoa. Enalaprili hulegeza mshipa unaotoa damu kwenye kichujio cha figo, dawa ya kukojoa hupunguza maji mwilini, na diklofenaki hubana mshipa unaoingiza damu. Zikikutana zote tatu, msukumo wa damu kwenye kichujio hushuka. Mgonjwa akiharisha siku mbili tu, figo zinaweza kugoma ghafla. Isitoshe, diklofenaki yenyewe hupandisha presha, kwa hiyo mtu anaweza kuongezewa dawa ya presha kumbe chanzo ni dawa ya goti.

Moyo nao umo. Mwezi Septemba 2004 dawa ya rofekoksibu, ya jamii hiyo hiyo ya diklofenaki, iliyouzwa kwa jina la Vioxx, iliondolewa sokoni duniani baada ya utafiti kuonyesha inaongeza shtuko la moyo na kiharusi. Mwaka 2013 Shirika la Dawa la Ulaya likashauri kwamba waliowahi kupata shtuko la moyo au kiharusi, na wenye moyo ulioshindwa kazi, wasitumie diklofenaki.

Sasa turudi kwenye ile 1x3. Miligramu 50 mara tatu ni 150, na hicho ndicho kiwango cha juu kabisa kwa siku. Ukichanganya na ibuprofeni ya jirani umeshavuka. Soma jina la dawa yenyewe lililo chini ya jina la biashara, maana vipo vidonge vinavyouzwa kwa majina mengine huku ndani mna diklofenaki na parasetamoli. Mjamzito asiguse dawa za jamii ya diklofenaki bila daktari, hasa kuanzia wiki ya 20. Na ukiwa Dar es Salaam msimu wa dengue, homa yenye maumivu ya viungo ipimwe kwanza, kwani dawa hizi huongeza hatari ya kutoka damu.

Jambo jingine: maumivu ya viungo si ugonjwa mmoja. Mwenye baridi yabisi anahitaji dawa kama methotreksati inayozuia kiungo kuharibiwa. Akituliza maumivu tu, vidole vinaendelea kupinda. Mwenye jongo la kujirudia huenda akahitaji alopurinoli.

Tulikwenda hospitali na kopo zima. Daktari alimwaga vidonge mezani, akavipanga, akaiweka ile bahasha kando. Kipimo cha kreatinini kilionyesha figo zimeanza kulemewa. Alisimamishiwa diklofenaki, akapewa jeli ya kupaka, ambayo huingiza kwenye damu sehemu ndogo tu ya dawa ikilinganishwa na kidonge, pamoja na mazoezi ya kuimarisha misuli ya paja. Wiki chache baadaye kreatinini ilikuwa imeshuka.

Goti bado linamuuma akiamka. Hupaka jeli, hunawa mikono, kisha huketi kwenye kiti cha jikoni na kunyoosha mguu mara kumi, akihesabu kwa sauti, huku chai ikichemka.