Kijana Anaposafisha Damu Nyumbani

Ndugu msomaji, leo tunamtazama kijana ambaye figo zake zimeshindwa kazi, na daktari amemshauri kusafisha damu nyumbani kwa njia ya tumbo.

Kwa upasuaji mdogo, kijana hutiwa mpira mwembamba tumboni. Kupitia mpira huo huingiza maji maalumu, aghalabu lita 2, yakakaa saa 4 hadi 6 yakivuta taka za damu kupitia utando wa tumbo. Kisha huyatoa na kuingiza mengine, kama mara 4 kwa siku. Au mashine humfanyia kazi hiyo usiku akiwa amelala. Masomo na kazi vikaendelea.

Uislamu umetufunza tahara, na hapa tahara ni uhai: mikono ioshwe kwa sabuni, dirisha lifungwe, feni izimwe. Maji yakitoka na ukungu, tumbo likiuma au homa ikipanda, aende hospitali siku hiyo hiyo.

Je, Ramadhani? Maji hayo yana sukari inayoingia mwilini, na wapo wanazuoni waliofutu kuwa yanafunguza. Kijana asione haya. Suratul-Baqara, aya ya 184, imempa mgonjwa ruhusa. Na asiyetarajiwa kupona hulisha maskini kwa kila siku aliyokula.

Enyi wazazi, huruma isiwafanye mumpokonye kijana kazi aliyofundishwa. Mwacheni aushike mpira wake kwa mikono yake. Ninyi kilindeni chumba chake.

Wallahu a'lam.