Picha 36 za Usiku wa Kupamba

Katika usiku wa kupamba uliofanyika Msambweni, wenyeji waliweka kikapu mlangoni ili kila aingiaye atie simu yake. Hatukustaajabu, maana siku hizi ndiyo ada ya shughuli nyingi za wanawake wa pwani. Kilichotustaajabisha ni shangazi wa bibi harusi, aliyetoa mkobani kamera kuukuu ya filamu ya rangi, wala hakuna aliyemzuia.

Filamu moja ina picha 36, zikiisha, zimekwisha. Kwa hiyo mpigaji husita, huwangoja watu watengeze mitandio yao, ndipo abonyeze. Na picha ikishapigwa hulala gizani ndani ya mkebe wake. Haiwezi kufika simu ya mtu wa Dubai kabla biriani haijapakuliwa. Ni nani miongoni mwetu asiyemjua msichana aliyelia kwa sababu uso aliompambia mumewe umezungushwa katika makundi ya WhatsApp?

Hata hivyo tusiisifu filamu kupita kiasi. Mama zetu walipozivusha filamu zao Likoni kwa feri, aliyezisafisha Mombasa mara nyingi alikuwa mwanamume asiye maharimu, naye aliziona zote. Kuzisafisha nyumbani hakukuwa jambo jepesi: filamu ya rangi hutiwa katika dawa yenye joto la nyuzi 38 hivi, kwa dakika tatu na robo, na joto likipotoka kidogo rangi huharibika. Sitara ya familia ilitegemea uaminifu wa mtu mmoja.

Rangi nazo hazidumu. Picha nyingi za miaka ya 1970 zimo albamuni zimegeuka nyekundu, kwa kuwa samawati ndiyo iliyotangulia kufifia. Na unyevu wetu wa Diani huotesha ukungu juu ya negativu. (Atakayezihifadhi na aziweke pakavu, si katika kabati lililo ukutani kwa bafu.)

Baada ya wiki tatu shangazi alirudi na bahasha. Picha tano ziliungua kwa mwanga, 31 zikatoka. Negativu alimkabidhi bibi harusi mwenyewe, naye akazitia kashani chini ya leso zake. Kisha akauliza ni nani aliyezisafisha. Shangazi akamtaja mzee mmoja wa ng'ambo ya feri, akaongeza: “Ndiye aliyesafisha na za harusi ya mamako.”