Gesti za Ufuoni: Biashara ya Nyumba za Wageni Kisumu na Ukingo wa Ziwa

Nyumba za wageni kwenye ufuo wa Kenya wa Ziwa Viktoria, kuanzia Kisumu hadi Homa Bay na visiwa vya Rusinga na Mfangano, huwavutia wanunuzi wa namna mbili kutoka ng'ambo. Wa kwanza ni mgeni hasa, mara nyingi mstaafu wa Ulaya au mtu aliyeoa ama kuolewa Nyanza, anayetaka kuishi polepole karibu na maji. Wa pili ni Mkenya aliyekaa Marekani, Uingereza au Ghuba miaka mingi, na sasa anataka kurudi nyumbani akiwa na biashara mkononi. Mwaka 2024 fedha zilizotumwa Kenya na walio ng'ambo zilikaribia dola bilioni 5, na sehemu yake huishia katika mawe, saruji na mabati.

Sheria haiwatazami wawili hawa kwa jicho moja. Kifungu cha 65 cha Katiba ya 2010 humruhusu asiye raia kushika ardhi kwa kukodi tu, kwa muda usiozidi miaka 99. Ujanja wa kufungua kampuni na kumtanguliza Mkenya mmoja hausaidii, kwani kampuni huhesabiwa ya raia pale tu inapomilikiwa yote na raia. Ardhi ya kilimo huhitaji idhini ya bodi ya ardhi, ambayo kwa kawaida mgeni haipati. Ndiyo maana wageni hutafuta viwanja vya mjini, mtaa wa Milimani wa Kisumu kwa mfano, ilhali Mkenya aliyepoteza uraia zamani kwa kuchukua pasipoti ya nchi nyingine anaweza kuomba arudishiwe, kisha akanunua hata kijijini kwao.

Kuna pia suala la kibali. Mwekezaji huomba kibali cha daraja G, kinachotaka mtaji usiopungua dola 100,000. Kile cha daraja K, ambacho wastaafu wengi hukipenda, ni cha mtu anayeishi kwa kipato cha uhakika kisicho cha ajira. Aliyenacho hajapewa ruhusa ya kutoza watu vyumba.

Ugumu wa kweli huanza kwenye ardhi yenyewe. Hati nyingi za vijijini bado zina jina la babu aliyekufa zamani, na hakuna mauzo halali kabla ya mirathi kumalizwa mahakamani. Mke au mume wa muuzaji lazima aridhie kwa maandishi. Halafu kuna makaburi. Wajaluo huzika nyumbani, na si ajabu mnunuzi kuonyeshwa kiwanja kizuri chenye mwembe, na chini ya mwembe kaburi lililopambwa kwa vigae. Wakili atasema hati ni safi, na atakuwa amesema kweli. Lakini wajukuu watakuja kulifyekea kaburi hilo, na mwenye gesti asiyewafungulia lango hatakuwa na siku njema na majirani. Baada ya yote hayo, ushuru wa stempu, asilimia 4 mjini na 2 vijijini, ni jambo dogo.

Nani hulala katika vyumba hivyo? Anayenunua kwa ajili ya mandhari huamini kuwa ziwa ndilo litakalomlipa. Hapo ndipo hesabu nyingi huharibika. Ufuo huu si Malindi wala Diani, ambako Waitaliano na Wajerumani walizoea kushuka kwa ndege za kukodi. Wapo watazamaji wa ndege wanaokuja ufuo wa Dunga, Kisumu, kupanda mitumbwi, na watalii wachache wanaovuka daraja la Mbita kwenda Rusinga kuona kaburi la mwanasiasa Tom Mboya, lakini hao hawajazi vyumba kumi mwaka mzima. Siku za kazi vyumba hushikwa na maafisa wa serikali, mawakala wa kampuni na wanasemina. Ijumaa hadi Jumapili huja watu wa matanga, waliotoka Nairobi kwa magari mawili matatu, wanaotaka vitanda vya bei nafuu, maji ya moto alfajiri na mahali pa kuegesha. Desemba ni ya familia. Fedha za misaada ya Marekani ziliposimamishwa mapema 2025, wenye vyumba walikumbushwa jinsi warsha za mashirika ya afya zilivyokuwa nguzo ya mji wa Kisumu.

Mgeni wa Kisumu pia ana matarajio yake ya mezani. Anataka ngege mzima, wa kukaanga kisha kuchemshwa kwa nyanya na vitunguu, pamoja na ugali na sukuma, na sinki la kunawia mikono karibu na meza. Gesti inayompa minofu iliyogandishwa kwa uma na kisu haimwoni tena.

Gharama za kudumu hazisubiri msimu: leseni ya kaunti, leseni ya Mamlaka ya Kudhibiti Utalii, tozo ya utalii ya asilimia 2 ya mauzo, na VAT ya asilimia 16 kwa anayeuza kuanzia shilingi milioni 5 kwa mwaka. Jenereta na tangi la maji si anasa. Kuna usubi wa ziwani, unaopaa kama moshi juu ya maji na usiku kufuata taa. Asubuhi hufagiliwa barazani kwa beseni. Kuna malaria, na kuna kichocho kwa anayeoga ziwani, jambo ambalo picha za mauzo hazilionyeshi. Gugu maji nalo linaweza kuziba gati kwa wiki nzima, boti zisitoke.

Ziwa lenyewe halina mpaka wa kudumu. Mei 2020 maji yalifika kimo kilichopita kidogo rekodi ya 1964. Dunga ilizama, na kando ya ziwa nyumba zilihamwa. Mvua za 2024 zikalipandisha tena. Ziwa ni ardhi ya umma kikatiba, kwa hiyo mwenye hati ambaye bustani yake imegeuka maji ana mgogoro mkononi badala ya bustani. Anayepima kiwanja cha ufuoni asiishie kwenye ramani ya mpimaji. Amuulize jirani mzee alama ya juu kabisa ya maji iko wapi ukutani, kisha anunue juu yake.