Tiba ya Farasi, na Punda Tulio Nao Masinga

Katika nchi kama Marekani na Uingereza wapo washauri nasaha ambao hawamketishi mgonjwa ofisini. Humpeleka zizini na kumkabidhi kamba, na upande wa pili wa kamba hiyo yuko farasi. Kazi ya siku huenda ikawa kumpiga farasi brashi tu, au kumwongoza hatua ishirini bila kumvuta. Mkazi wa Masinga anayeona video za namna hiyo kwenye simu ana haki ya kuuliza kama hii ni tiba kweli au ni mchezo wa matajiri.

Ni tiba, lakini ina mipaka yake, na sehemu yake kubwa haimtegemei farasi peke yake.

Farasi ni mnyama wa kuwindwa. Macho yake yako pande mbili za kichwa, masikio hayatulii, na ameokoka miaka yote kwa kusoma mwili wa yeyote aliye karibu naye. Mtu akimkaribia amekaza mabega na anapumua kwa haraka, farasi husogea pembeni au hukataa kutembea. Mtu huyo akitulia, mara nyingi farasi naye hutulia. Maneno matamu hayamdanganyi.

Sasa mfikirie kijana aliyenyamaza tangu msiba ulipoingia nyumbani kwao. Kila akiulizwa ana nini, anajibu hana kitu. Farasi anapogoma mbele yake, kijana anauona wasiwasi wake kwa macho, nje ya mwili wake. Hapo mshauri humuuliza: kwa nini amesimama? Wewe ulikuwa ukiwaza nini wakati huo? Mazungumzo yaliyoshindikana kwa miezi hupata mahali pa kuanzia. Mshauri asipokuwepo, hayo ni matembezi mazuri na mnyama, basi.

Iko aina nyingine inayolenga viungo. Mwendo wa farasi hutikisa nyonga za aliyempanda karibu sawa na mtu anavyotembea, hivyo hutumika kwa watoto wenye matatizo ya misuli. Lis Hartel wa Denmark alipooza chini ya magoti kwa polio, akawa anasaidiwa kupanda na kushuka, na bado alishinda nishani ya fedha katika Olimpiki ya Helsinki mwaka 1952.

Ushahidi wa kisayansi unasemaje? Utafiti mmoja mzuri ulichapishwa Marekani mwaka 2015. Ulihusisha watoto na vijana 127 wenye usonji, wa umri wa miaka 6 hadi 16, kwa wiki 10. Kundi moja lilipanda farasi, na lingine lilijifunza habari za farasi kwa kutumia farasi bandia. Waliopanda walipunguza hasira na kuhangaika kuliko wenzao. Tafiti nyingi nyingine, zikiwemo za wanajeshi wenye kiwewe cha vita, zimekuwa na watu wachache. Kwa hiyo hakuna sababu ya mtu kuacha dawa aliyopewa hospitalini kwa ajili ya farasi.

Kwetu farasi ni wachache. Wengi nchini utawakuta Ngong, Karen na katika mashamba makubwa ya nyanda za juu. Kumlisha ni gharama, na kuna ugonjwa wa farasi unaoenezwa na visubi ambao huua wengi wanaoupata. Punda huustahimili vizuri zaidi. Ndiyo maana anayepanda mteremko na mitungi ya maji huku kwetu ni punda.

Na punda anafaa kwa kazi hii kuliko tunavyodhani. Farasi akiogopa hukimbia. Punda akiogopa mara nyingi husimama kabisa. Sisi tumeita hiyo ukaidi na kuijibu kwa fimbo. Shirika la The Donkey Sanctuary, lililoanzishwa Uingereza mwaka 1969 na ambalo limehudumia punda wa Lamu tangu 1987, hutumia punda kuwasaidia watoto na watu wazima kwa sababu ya utulivu huo huo. Lakini punda mwenye vidonda vya mgongoni, aliyezoea kupigwa, humwogopa binadamu, na hakuna atakayepata utulivu kando yake.

Makala haya hayatangazi mradi mpya. Akija mtu Ekalakala au Kivaa kukuuzia tiba ya farasi, muulize mshauri aliyesajiliwa ni nani na anayemjua mnyama ni nani. Asipokuwa na majibu, usitoe pesa. Nyumbani, mzazi anaweza kumpa mtoto anayepata nafuu kazi ya kumsafisha na kumlisha punda, mtu mzima akiwa karibu, mtoto akisimama upande wa bega na kamwe si nyuma ya miguu.

Jambo zito liko kwingine. Kuanzia mwisho wa 2020 hadi 2022 mvua zilikosekana misimu mitano mfululizo katika maeneo kame ya nchi, na wapo waliozika mifugo yao yote. Hasara ya namna hiyo haiishi siku mvua inaporudi. Mtu akikosa usingizi, akiacha kula, akijitenga au akikata tamaa kwa zaidi ya wiki mbili, mpeleke kituo cha afya kilicho karibu. Usimfungie ndani. Mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chako anaweza kukuelekeza, na anayehitaji uangalizi zaidi hupewa rufaa. Jirani zetu wa Makueni wameonyesha kwamba wahudumu wa kijijini, hata waganga wa kienyeji, wakifunzwa wanaweza kuwatambua wagonjwa hawa na kuwapeleka hospitalini.

Anayesema anataka kujiua asiachwe peke yake hata kwa dakika chache, wala familia isimfiche kwa kuogopa polisi. Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba sheria inayomwadhibu aliyejaribu kujiua inakiuka Katiba. Laini ya Msalaba Mwekundu ni 1199, na kupiga ni bure.